Kabla ya kung'oa mabenchi: namna ya kulisoma kanisa la kale la kijijini

Seremala wa Ngong Road (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, mimi ni seremala, na karakana yangu iko kando ya Ngong Road hapa Nairobi. Mwezi uliopita niliitwa nyumbani, kwenye kijiji kilicho upande wa juu wa Limuru, nikakague mabenchi ya kanisa letu la mawe, kwa sababu kamati ya ujenzi ilikuwa imekwisha kupitisha kwamba yatolewe na mahali pake pawekwe viti vya plastiki. Nilitumwa kukadiria tu bei ambayo mabenchi hayo yangeuzwa kama mbao kuukuu na kuni. Nilichokiona kilinifanya nirudi mara tatu, na ndicho kilichonisukuma kuufungua uzi huu, kwa maana najua kwamba makanisa ya aina hii yametapakaa Kiambu, Murang'a, Nyeri na kwingineko, na kwamba kila mwaka mengine hufanyiwa ukarabati na watu wenye nia njema kabisa ambao hawajaambiwa wanaondoa nini.

Nilipolipindua benchi la kwanza, niliona chini ya kikalio, pale mguu unapoingia, alama ndogo zilizokatwa kwa patasi: nambari ya Kirumi ya kumi na mbili. Kwenye mguu wenyewe palikuwa na alama ileile. Seremala wa zamani alikuwa amekata kila ulimi, yaani ncha ya mguu inayozama kwenye kikalio, kwa kipimo cha tundu lake peke yake, akavitia alama viwili hivyo ili siku ya kuunganisha asije akaoanisha visivyo vya pamoja. Hakuna msumari hata mmoja katika kiungo hicho. Kinachokishika ni kigingi cha mti mgumu kilichopigwa kupitia tundu na ulimi, na matobo yanayopitisha kigingi hicho yalitobolewa kwa makusudi yasilingane sawasawa, bali lile la ulimi lisogee kuelekea shina la ulimi kwa unene wa punje ya mchele, ili kigingi kikipenya kiuvute ulimi na kuukaza. Nililishika benchi hilo kwa mikono miwili nikalitikisa kwa nguvu zangu zote, nalo halikutoa hata mlio.

Kisha nilipitisha randa mara moja upande usioonekana. Weusi wa vumbi na vanishi iliyochoka uliondoka, ukatokea wekundu wa kiini cha mti, na harufu ikaenea mpaka mlangoni. Ni mutarakwa, mti ambao wataalamu wa misitu huuita Juniperus procera na ambao wengine huujua kwa jina la mwangati au sida. Ni mti wa asili wa nyanda zetu za juu. Mafuta yaliyomo katika mbao zake huwafukuza mchwa, na ndiyo sababu wazee waliutumia kwa nguzo za ua zinazofukiwa ardhini, na enzi za ukoloni ukasafirishwa ng'ambo kutengenezea penseli. Leo nikizunguka soko la Gikomba kutwa nzima nikitafuta ubao wa mutarakwa wa futi nane usio na fundo, nitarudi mikono mitupu hata kama fedha ninazo mfukoni. Benchi letu lina mbao tatu za namna hiyo, na tulikuwa karibu kuziuza kwa bei ya kuni.

Samani za kanisa hazieleweki bila kuta zake, kwa hiyo naomba tulitazame jengo lenyewe pia. Makanisa mengi ya kimisheni ya huku bara yalifuata mfano wa kanisa la kijiji la Uingereza au Uskoti: ukumbi mrefu wa waumini, sehemu nyembamba zaidi iliyoinuliwa kwa ngazi moja au mbili upande wa mbele, chumba kidogo ubavuni ambamo mchungaji huvalia joho lake, na kibaraza chenye paa lake mlangoni. Kichwa cha jengo huelekea mashariki, jua linakochomoza, desturi ya Wakristo tangu kale inayoashiria ufufuo. Kanisa letu limefuata mwelekeo huo. Kila ninaposimama pale hukumbuka kwamba wazee wa Wagikuyu waliomba wakiielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, ambayo kutoka Limuru iko kaskazini mashariki. Kwa hiyo babu aliyebatizwa akiwa mtu mzima aliugeuza mwili wake kidogo tu mkono wa kulia, akaanza kuomba kwa namna nyingine.

Mahali ambapo fundi hakuweza kuiga ni madirisha. Katika kijiji cha Uingereza jua hukaa chini upande wa kusini, hivyo ukuta wa kusini hupewa madirisha makubwa ili kanisa lipate mwanga na joto kidogo. Sisi tuko digrii moja na kitu kusini mwa ikweta: mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, Desemba likahamia kusini, na adhuhuri huwa karibu na utosi. Ndiyo maana madirisha yetu ni membamba na yamelingana pande zote mbili, na paa limetokeza nje ya kuta kwa zaidi ya futi mbili. Paa lenyewe lina mwinuko mkali uliotoka katika nchi za theluji, lakini huku lilipata kazi mpya, kwa kuwa linamwaga mvua ya masika upesi na kuacha nafasi kubwa juu ya vichwa vya watu ambamo hewa moto hupanda. Simama ndani saa saba mchana mwezi wa Februari, kisha uingie katika ukumbi wa kisasa wenye paa la chini la mabati, utaelewa ninachosema.

Ningependa kusikia kutoka kwa wenzangu wenye makanisa kama hili vijijini kwao, na hasa kutoka kwa mafundi.

Mwalimu wa Kikuyu

Nashukuru sana kwa uzi huu. Mimi ninaishi Kikuyu, na kwa wale walioko Nairobi ambao hawana kijiji cha karibu cha kutembelea, napendekeza waanzie Thogoto. Misheni ya Waskoti ilianzia Kibwezi mwaka 1891, lakini maradhi yaliwaelemea wamisionari, na mwaka 1898 Thomas Watson akaihamishia huku Kikuyu. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1900. Jina Thogoto ni matamshi ya Kigikuyu ya neno la wageni hao la kutaja kwao, Scotland, na limebaki kuwa jina la mahali. Hapo ndipo Johnstone Kamau, ambaye baadaye aliitwa Jomo Kenyatta, alipobatizwa mwaka 1914, na hapo ndipo ulipofanyika mkutano wa madhehebu wa mwaka 1913 ambao ulizua mjadala mkali hata huko Uingereza kwa sababu Waanglikana na wengine walishiriki meza moja ya Bwana.

Kanisa kubwa la mawe la Thogoto, linalojulikana kwa jina la Church of the Torch, lilikamilika mwaka 1933. Naomba mwenye kulitembelea akumbuke kilichokuwa kikitokea wakati kazi hiyo inaendelea: mgogoro wa mwaka 1929 kuhusu tohara ya wasichana uliwaondoa waumini wengi katika misheni, wakaenda kuanzisha shule na makanisa yao ya kujitegemea, ambayo mengi yalianza kwa miti, udongo na nyasi. Hivyo mawe yale mazito yalipangwa katika miaka ambayo jamii yenyewe ilikuwa imepasuka. Mtu akizitazama kuta hizo bila kujua hilo, ameona nusu tu.

Mzee wa Kanisa, Kiambu

Nimekusoma kwa makini, mwanangu, na naheshimu ufundi wako, lakini naomba unisikilize mimi niliyekaa kwenye kamati za namna hiyo kwa muda mrefu. Kanisa ni mahali pa ibada, nalo halikujengwa liwe jumba la makumbusho. Mabenchi ya kwetu hayana egemeo, na akina mama wazee hulalamika migongo kila Jumapili. Tunapokuwa na harambee au mazishi, viti vya plastiki hubebwa nje, vikarudishwa, vikapangwa kwa duara wakati wa mafunzo ya vijana. Benchi la futi nane linahitaji wanaume wawili kulisogeza. Zaidi ya hayo, waumini wameongezeka, na kila nafasi ina thamani. Je, utatuambia tuwanyime watu mahali pa kukaa kwa sababu ya alama za patasi chini ya mbao?

Seremala wa Ngong Road

Shikamoo mzee wangu. Hoja zako ni za kweli, na kwenye kikao cha kamati yetu zilitolewa karibu neno kwa neno. Naomba nijibu kwa vipimo, kwa sababu ndiyo lugha ninayoimudu.

Nilipima benchi letu: lina sentimita 244, na Jumapili ya kawaida hukaliwa na watu wazima watano bila kubanana, na sita panapokuwa na harusi. Kisha nikaazima viti vya plastiki vyenye mikono, vile vinavyokodishwa kwa sherehe, nikavipanga kwenye urefu uleule. Viliingia vinne. Kwa hiyo kama nia ni kuongeza nafasi, tungekuwa tumepoteza mtu mmoja kwa kila safu, na sisi tuna safu kumi na nne kila upande. Kiti kisicho na mikono kinasawazisha hesabu hiyo, lakini hakiizidi.

Kuhusu migongo, hapo umenishika, mzee, na sina ubishi. Mabenchi ya mwanzo mengi hayakuwa na egemeo, na hata huko Uingereza kwenyewe, kabla ya karne ya 15 waumini wengi wa vijijini walisimama au kupiga magoti wakati wa ibada, na waliokuwa dhaifu walikalia ukingo wa mawe uliojengwa kandokando ya ukuta. Nilichopendekeza kwetu ni kuongeza egemeo la mbao nyepesi linaloshikwa kwa skrubu kwenye safu sita za mbele wanakokaa wazee, bila kutoboa kikalio cha kale, ili siku yoyote liweze kuondolewa pasibaki kovu. Na kwa mazishi na mafunzo ya vijana, viti vya plastiki vinunuliwe vichache na kuhifadhiwa kwenye chumba cha nyuma. Sikusema hata mara moja kwamba visiwepo.

Lakini kuna jambo jingine ambalo vipimo havilifikii, na nitalisema wazi. Katika kanisa letu wanawake walikaa upande wa kushoto na wanaume upande wa kulia kwa miaka mingi. Ukichunguza mabenchi ya kushoto, ukingo wa mbele wa kikalio umelika kwa upole katika sehemu zilezile, na kwenye ncha za mabenchi ya nyuma pana mikwaruzo ya meno ya watoto wachanga waliokuwa wakiota meno huku mama zao wakisikiliza mahubiri. Nyanya yangu aliketi pale. Nikiyauza hayo kwa kuni, sijui nitamweleza nini mama yangu.

Fundi Mawe wa Juja

Mimi ni fundi wa mawe, na nimechonga jiwe tangu ujana wangu. Ndugu seremala ameeleza mbao vizuri, naomba niongeze habari za ukuta, kwa sababu ndipo ninapoona uharibifu mkubwa kuliko wa mabenchi.

Jiwe letu la Nairobi na Kiambu, liwe la kijivu au la manjano kama lile la Ndarugo, kwa sehemu kubwa ni majivu ya volkano yaliyoshikamana na kuwa mwamba. Likitoka machimboni huwa laini, unalichonga bila taabu, na likikauka huongeza ugumu, ingawa hubaki na vinyweleo vinavyofyonza maji. Siku hizi hukatwa kwa mashine, na kila jiwe hutoka na nyuso bapa zenye michirizi ya msumeno. Mawe ya makanisa ya zamani yalichongwa kwa nyundo na patasi. Ukiutazama ukuta wakati wa jioni, mwanga unapoupiga kwa ubavu, utaona kwamba kila jiwe lina ukanda ulionyooshwa kandokando wa upana wa kidole, halafu katikati limeachwa likiwa na mgongo. Ukiendelea kutazama utatambua mikono tofauti: mmoja alipiga patasi kwa mshazari kutoka kulia, mwingine kutoka kushoto, na mwingine alikuwa mwanagenzi ambaye bado hajatulia. Sijapata kuona majina yao yameandikwa popote, ilhali jina la aliyeweka jiwe la msingi limeandikwa kwa herufi kubwa.

Sasa sikilizeni tatizo. Kuta za kale zilijengwa kwa chokaa, si kwa saruji. Chokaa ni laini kuliko jiwe, nayo hupumua. Maji yakiingia ukutani wakati wa mvua, hutoka kupitia kwenye viungo na kukauka. Viungo ndivyo vinavyochakaa pole pole, na kila baada ya miaka mingi fundi huvikwangua na kuvijaza upya. Fundi wa leo akija, huona viungo vimebonyea, akavijaza saruji ngumu, na kamati ikampongeza kwa sababu ukuta unaonekana nadhifu. Lakini saruji haipumui. Maji yaliyomo ndani hukosa njia ya kutokea isipokuwa kupitia kwenye jiwe lenyewe, na baada ya misimu kadhaa ya mvua uso wa jiwe huanza kubambuka kama ngozi iliyoungua, mpaka ukuta unabaki na mistari ya saruji iliyotokeza nje na mashimo pale mawe yalipokuwa.

Niliwahi kuitwa kwenye kanisa moja la kijijini, ambalo sitalitaja, ambako walipaka rangi ya mafuta inayong'aa kuanzia chini hadi usawa wa kifua, ili kuzuia uchafu wa mikono. Kuta hizo za zamani hazina karatasi ya kuzuia unyevu chini yake, hivyo unyevu wa ardhini ulikuwa ukipanda na kutokea ndani bila kumsumbua mtu. Rangi ilipouziba, unyevu ulipanda zaidi ukatafuta pa kutokea juu ya rangi. Nilipogonga kwa kifundo cha kidole, palisikika utupu, na nilipoibandua rangi, jiwe lililokuwa nyuma yake lilimiminika kama unga. Waliwahi pia kuweka vigae vinavyong'aa juu ya sakafu ya zamani, jambo lililousukuma unyevu wote kwenda kuutafuta ukuta.

Dawa yake si ghali. Kwanza shughulikieni maji: safisheni mifereji ya paa, yapelekeni maji mbali na msingi, na udongo uliorundikana nje kwa miaka ushushwe chini ya usawa wa sakafu. Kisha viungo vikwanguliwe kwa mkono, kamwe si kwa mashine ya kukatia, na vijazwe kwa chokaa sehemu moja na mchanga safi sehemu tatu. Kazi hiyo ni ya subira, na magunia yenye maji hutundikwa ukutani ili chokaa isikauke haraka. Ukuta ukishaanza kupumua tena, rangi ya chokaa nyeupe inatosha.

Mwanafunzi wa Usanifu

Nimejifunza mengi hapa kuliko nilivyotarajia. Swali langu ni hili: nikiingia katika kanisa la kale lisilo na kibao chochote, je, naweza kutambua kwa samani peke yake lilikuwa la dhehebu gani? Na birika la ubatizo, kwa nini katika makanisa mengine liko karibu na mlango na kwingine liko mbele?

Mwalimu wa Kikuyu

Mara nyingi utaweza, ndugu mwanafunzi, kwa sababu samani ni imani iliyowekwa kwenye mbao na mawe. Angalia kwanza ni kitu gani kimepewa nafasi ya katikati.

Katika kanisa la Kikatoliki la zamani, altare ilishikana na ukuta wa mashariki, na padri aliisoma misa akiwa ameelekea huko pamoja na watu. Mbele ya altare palikuwa na kizuizi cha chini ambapo waumini walipiga magoti kupokea komunyo. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965, altare zilisogezwa mbele ili padri awaelekee waumini, na vizuizi vingi vikaondolewa. Kwa hiyo ukikuta sakafu ina mstari wa vishimo vilivyozibwa kwa saruji, umbali wa hatua chache kutoka kwenye ngazi, hapo ndipo kizuizi kiliposimama, na unaweza kuukadiria hata urefu wake.

Wapresbiteri walitoka katika mageuzi ya Uskoti ya mwaka 1560, ambayo yaliiondoa altare kabisa, kwa sababu kwao sadaka ilikwisha kutolewa mara moja na Kristo mwenyewe. Utakuta meza, tena meza halisi yenye miguu minne, na nyuma au juu yake mimbari iliyoinuka, kwa kuwa Neno ndilo linalopaswa kuonekana na kusikika kwanza. Waanglikana walikaa katikati ya pande hizo mbili, na vijijini utaona mimbari upande mmoja, kinara cha kusomea Maandiko upande wa pili, na njia kati yake inayolielekeza jicho kwenye meza takatifu.

Birika la ubatizo kukaa karibu na mlango ni desturi ya zamani yenye maana iliyo wazi: mtu huingia katika Kanisa kwa ubatizo kama anavyoingia jengoni kwa mlango. Mengi huchongwa yakiwa na pande nane, na hesabu hiyo inatokana na siku saba za uumbaji kuongezwa siku ya ufufuo. Ukiliona limefunikwa kwa kifuniko cha mbao, hilo nalo lina historia: huko Uingereza katika karne ya 13 maaskofu waliagiza mabirika yafunikwe na kufungwa ili maji yaliyobarikiwa yasiibwe kwa ajili ya uchawi. Pale ambapo ubatizo hutendeka mbele ya kusanyiko lote, kama ilivyo kwa Wapresbiteri, birika husogezwa mbele, na mara nyingi huwa bakuli dogo tu juu ya kinara cha mbao.

Mzaliwa wa Kisauni, sasa South B

Hakuna aliyeitaja kengele, na mimi nimetoka mahali palipopewa jina lake. Kule Mombasa bara, kwenye makazi ya Frere Town yaliyoanzishwa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, ilisimamishwa kengele ya kuwaonya wakazi endapo wafanyabiashara ya watumwa wangewavamia. Mahali pale panaitwa Kengeleni mpaka leo, na matatu hushusha abiria pale kila dakika.

Huku bara nimeona makanisa mengi ya vijijini ambayo hayakuweza kuagiza kengele kutoka ng'ambo, yakatundika kipande cha reli kwenye tawi la mti na kukigonga kwa chuma. Kengele ya kweli ni ya shaba nyeusi, takriban sehemu nne za shaba kwa sehemu moja ya bati, na mchanganyiko huo ndio unaoipa sauti inayodumu hewani. Chuma cha reli kina sauti kavu na fupi, lakini husafiri mbali asubuhi yenye ukungu. Ombi langu ni moja: mkikuta kipande hicho cha reli kimelala nyuma ya kanisa baada ya kuletwa vipaza sauti, msimpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Watu wa kijiji kizima waliipanga siku yao kwa mlio ule.

Seremala wa Ngong Road

Nimefarijika sana kwa michango hii, na nimempigia simu fundi wa Juja, ambaye amekubali kuja kutazama ukuta wetu wa kusini.

Kwa mwanafunzi wa usanifu, napendekeza safari mbili ambazo kila moja inaweza kufanywa kwa siku moja kutoka Nairobi. Ya kwanza ni kanisa dogo lililo kwenye barabara ya kuteremka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, lililojengwa mwaka 1942 na Waitaliano waliokuwa mateka wa vita na waliokuwa wakiijenga barabara hiyo. Ni dogo kiasi kwamba watu wachache tu wakiingia limejaa. Wengi hulipita kwa kasi wakitazama bonde upande wa pili, na mimi mwenyewe nililipita kwa miaka kabla ya kusimama. Ndani yake utaona jinsi watu waliokuwa uhamishoni walivyokumbuka makanisa ya kwao kwa vipimo vidogo kabisa.

Ya pili ni Murang'a, katika kanisa la Mtakatifu Yakobo la Waanglikana, ambako Elimo Njau alichora michoro ya ukutani katika miaka ya 1950. Njau ni mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, alisomea Makerere, na baadaye alianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa hapa Nairobi mwaka 1965. Katika michoro hiyo maisha ya Yesu yanapita katika migongo ya milima ya Murang'a, miongoni mwa watu weusi na nyumba za kwao. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, na michoro ilikamilika kabla ya uhuru. Kaa mbele ya ule wa kuzaliwa kwa Yesu kwa muda wa kutosha. Kwa mara ya kwanza nilipouona nilikuwa kijana, na nilishangaa kwamba hakuna aliyewahi kuniambia jambo kama hilo linawezekana.

Kwa wale walioko kwenye kamati, naomba mfanye yafuatayo kabla hamjagusa kitu. Pigeni picha kila samani ikiwa mahali pake, kisha ikiwa imepinduliwa. Chukueni vipimo. Waulizeni wazee majina ya mafundi, maana baadhi yao wana watoto walio hai. Dari ya jipsamu msiiweke chini ya kenchi za kale, kwa sababu ikishafunikwa hamtaona paa likivuja wala mchwa wakipanda, na popo watajipatia makao. Na kama jengo lina umri mkubwa, ulizeni Makavazi ya Taifa (National Museums of Kenya), kwa kuwa Sheria ya Makavazi ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inaruhusu majengo ya aina hii kutangazwa na kulindwa.

Mzee wa Kanisa, Kiambu

Mwanangu, nimeyapima mabenchi yetu jana jioni nikiwa na mjukuu wangu. Tulipindua manne. Matatu yana misumari, kwa hiyo nadhani yalitengenezwa baadaye. La nne lina alama kama ulizozitaja. Nitalipeleka suala hili kwenye kikao cha Jumamosi, nami nitahitaji makadirio yako ya gharama ya maegemeo.

Seremala wa Ngong Road

Nitayaleta mwenyewe, mzee, Ijumaa jioni, na hata yale yenye misumari naomba yasitupwe kabla sijayaona.

Kwetu kamati imekubali mabenchi ishirini na manne yatengenezwe, na manne yaliyooza miguu yasubiri mpaka mbao zipatikane. Benchi nambari saba lilikuwa halina mguu mmoja kwa miaka mingi, likisimamishwa juu ya matofali. Wiki iliyopita mama mmoja jirani wa kanisa alinisikia nikiuulizia, akaingia uani kwake, akarudi na kipande cha mbao kilichokuwa kimetegemeza mlango wa banda lake la kuku. Nilikiosha kwa maji na brashi ngumu. Nambari ya Kirumi ilikuwa pale, ya saba, na ulimi wake uliingia kwenye tundu kwa kusukumwa kwa kiganja tu. Nilichonga kigingi kipya, nikakipiga mara tatu, na kiungo kikakaza.

Kwa miguu mingine minne nahitaji mutarakwa mkavu. Kama kuna mtu hapa anayebomoa ua wa zamani kwao Limuru, Kijabe au Nyandarua na ana nguzo ambazo hazijaoza katikati, naomba aandike hapa kwenye uzi kabla hajazikata.